Maswali kwa Bi Fundi: Kidole Kinapouendesha Ukurasa

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja: namna ya kuskroli, yaani kuupandisha na kuushusha ukurasa, kwenye kompyuta kwa kugusa, bila gurudumu la mausi. Nimefurahi, kwa kuwa katika kazi zote zinazopita mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, hii ndiyo niipendayo zaidi. Barua mbili nimezijibu kwa urefu, kwa sababu zinagusa kiini chenyewe. Nyingine zimepata majibu mafupi.

SWALI: Asalaam aleikum Bi Fundi. Mimi ni karani katika ofisi moja hapa Chumbageni. Kazi yangu ni kupitia majalada ya zamani yaliyopigwa skani. Jalada moja laweza kuwa na kurasa mia mbili, hata mia tatu, na kutwa nazungusha gurudumu la mausi kwa kidole cha shahada. Sasa kidole kinauma, maumivu yanapanda mpaka karibu na kiwiko, na usiku mkono unakufa ganzi. Mwenzangu ananiambia kuna vifaa ambavyo unatelezesha kidole tu, hakuna cha kuzungusha. Vipo kweli? Na nikitaka kutengenezewa, kiwe cha namna gani?
*Karani, Chumbageni*

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, na pole sana. Mkono unaokufa ganzi usiku si wa kumletea fundi wa kompyuta kwanza. Nenda hospitali ya Bombo ukaonane na daktari, umweleze kazi unayofanya na saa unazokaa. Kifaa kizuri hupunguza mzigo wa kidole, lakini hakitibu neva iliyokwisha kubanwa. Ukitoka huko ndipo tuzungumze.

Kosa si la kidole chako. Douglas Engelbart alipoionyesha mausi hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, haikuwa na gurudumu la kuskroli. Gurudumu lilikuja kuenea baada ya Microsoft kutoa mausi yao ya IntelliMouse mwaka 1996, wakati watu walipoanza kusoma kurasa ndefu kwenye kioo. Likawekwa katikati ya vitufe viwili, na likaangukia mikononi mwa kidole kilekile chenye kazi ya kubofya. Tangu hapo kidole kimoja kinabeba kazi mbili, na kazi ya pili, kukunja na kukunjua mara maelfu, ndiyo iliyokuumiza. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sitauacha: kazi ya kuskroli iondolewe kabisa mkono wa kulia. Mausi ibaki kulia ikielekeza na kubofya, na kifaa chako kipya kikae kushoto mwa kibodi, mahali ambapo mkono wa kushoto hukaa bure unaposoma.

Mwenzako amesema kweli, vipo. Tachipadi hii ya kwenye laptopu, inayohisi kidole kwa umeme, ilibuniwa na Mmarekani George Gerpheide mwaka 1988, na mwaka 1994 Apple wakaiweka ndani ya laptopu zao za PowerBook 500. Ukitaka ya kuchomeka pembeni, zinauzwa. Lakini kwa kazi yako mimi sikushauri. Kwenye tachipadi unasukuma, unanyanyua vidole, unarudi ulikotoka, unasukuma tena. Tuseme ukurasa mmoja wa skani unakula misukumo mitatu: jalada la kurasa 300 ni misukumo 900. Utakuwa umehamisha maumivu kutoka kidole kimoja kwenda viwili.

Kinachokufaa ni duara. Watu waliowahi kumiliki kile kicheza muziki cha iPod wataelewa mara moja. Cha kwanza, cha mwaka 2001, kilikuwa na gurudumu linalozunguka kwelikweli. Cha pili, cha mwaka 2002, gurudumu lilitulia tuli, kidole ndicho kilichozunguka juu yake, na sensa, yaani kihisio, chini yake ikahesabu. Sensa hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Synaptics. Tatizo lao lilikuwa lako hasa: orodha ya nyimbo maelfu, na kidole kimoja cha kuipitia. Kwenye mstari ulionyooka kidole hufika mwisho kikalazimika kunyanyuka na kurudi. Duara halina mwisho, unazunguka mpaka jalada liishe.

Acha nikueleze kinavyohisi, ili ukienda kwa fundi yeyote ujue cha kumdai. Mwili wako umejaa maji yenye chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme. Ukiweka kidole juu ya kipande cha shaba kilichofunikwa na plastiki, kidole na shaba vinakuwa kapasita: bamba mbili na kizuizi katikati. Shaba ya sentimita mraba 1 chini ya akriliki (plastiki ngumu) ya milimita 1 hupata nyongeza ya pikofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita kushika umeme) kama 2.7 kidole kikikaa sawasawa. Ni kiasi kidogo mno, na ndiyo maana ufundi wote upo katika kukilinda. Sasa tazama kinachotokea fundi akiwa mvivu wa gundi, akaacha uwazi wa hewa wa milimita 1 tu kati ya shaba na akriliki. Ile 2.7 inashuka hadi chini ya 0.7. Robo tatu ya hisia imepotea kwenye hewa ambayo huioni kwa macho. Kwa hiyo sharti la kwanza: kifuniko kibandikwe kwenye shaba pasiwe na kipovu hata kimoja.

Chini ya kifuniko hakuna haja ya sensa mia. Duara ambalo njia ya kidole ina kipenyo cha sentimita 4 lina mzunguko wa sentimita 12 na nusu. Ligawe vipande 12 vya shaba, kila kimoja kitakuwa na upana wa milimita 10 na ushei, karibu sawa na ncha ya kidole. Namba 12 nimeichagua kwa makusudi, kwa sababu kuna chipu inayoitwa MPR121 yenye njia 12 za kuhisi, na huuzwa ikiwa imekwishalehemiwa kwenye bodi ndogo. Ubongo wa kifaa uwe bodi yenye chipu ya ATmega32U4, kama ile ya Arduino Leonardo (bodi ndogo inayopokea programu unayoiandika), maana kompyuta huitambua kuwa ni mausi tu. Huhitaji kuweka programu yoyote kwenye kompyuta ya ofisi, na mkuu wako hatakuwa na la kusema.

Vipande 12 vitawezaje kujua kidole kilipo kwa usahihi wa milimita? Kidole hakigusi kipande kimoja, humwagika juu ya viwili au vitatu. Tuseme kipande cha 3 kimesoma 10, cha 4 kimesoma 40, cha 5 kimesoma 30, na vingine vyote sifuri. Zidisha kila namba ya kipande kwa kilichosomwa: 30, 160, 150. Jumla 340. Gawanya kwa jumla ya masomo, ambayo ni 80, unapata 4.25. Kidole kimepita katikati ya kipande cha 4 kwa robo ya hatua, yaani milimita 2 na nusu hivi. Hesabu hiyo ya darasa la saba ndiyo inayofanya ukurasa uteleze badala ya kuruka.

Lakini ili itoke vizuri, vipande visikatwe kama vigae vya mraba. Kidole kikiwa katikati ya kigae, majirani hawaoni kitu na hesabu inakwama palepale, kisha inaruka ghafla. Mipaka ya vipande ikatwe kwa meno marefu, jino la huyu liingie ndani ya jirani, kama shupatu za mkeka zinavyoshonwa zikashikana. Popote kidole kinapotua kinagusa walau wawili, na kuhama kutoka mmoja hadi mwingine kunakuwa kwa taratibu.

Fundi wako akumbuke pia kwamba hili ni duara. Kipande cha 12 ni jirani wa kipande cha 1. Akipiga wastani kichwakichwa wakati kidole kiko kati ya hao wawili, jibu litamwambia kidole kiko kwenye 6 na nusu, upande wa pili kabisa wa duara, na ukurasa utaruka. Kwanza atafute kipande chenye somo kubwa kuliko vyote, akiite sifuri, jirani wa kushoto awe hasi 1 na wa kulia chanya 1, apige hesabu hapo, kisha ndipo arudishe namba halisi.

Kifuniko chenyewe kisiwe kioo cha kung'aa. Hapa kwetu, miezi ya kaskazi, kidole kina jasho saa nne ya asubuhi, na kidole chenye jasho hunata juu ya kitu laini sana. Kinakwama, kinachomoka, kinakwama. Ukurasa nao unafanya hivyohivyo. Chukua akriliki, isugue kwa msasa namba 400 wenye maji, mpaka mng'ao wake ufe na ukipitisha kidole usikie ukavu mwembamba kama wa ganda la yai. Halafu omba lichongwe bonde dogo la mduara, kina cha nusu milimita tu kinatosha, ili kidole kijue njia yake bila macho kutoka kwenye kioo. Kifaa cha kugusa kinachokulazimisha ukitazame kimeshindwa kazi, hata kama umeme wake ni safi.

Limebaki suala la tabia yake, na hapa ndipo nawakosoa hata watengenezaji wakubwa. Kitufe hujua tofauti ya kidole kilichopumzika na kidole kilichobonyeza. Sensa ya kugusa haijui, kwake kugusa ni kugusa. Kwa hiyo kifaa chako kisifanye lolote kidole kinapotua. Kisubiri mpaka kidole kisogee milimita 2 hivi, hapo ndipo ukurasa uanze kwenda. Utaweza kupumzisha kidole juu yake unaposoma, jambo ambalo mkono wako unalihitaji kuliko kitu kingine chochote. Na kidole kikisimama, ukurasa usimame palepale. Ile tabia ya simu, ukurasa kuendelea kuserereka baada ya kidole kuondoka, iliyozoeleka tangu iPhone ya 2007, ni tamu kwa anayepitia picha. Kwa anayesoma jalada ni hasara, kwani jicho limeshika mstari na mstari umekimbia.

Mwendo nao usiwe mmoja. Kidole kikienda polepole, mzunguko mzima usogeze mistari michache. Kikienda mbio, mzunguko uleule usogeze kurasa. Kuna kikwazo kimoja: Windows huhesabu mkato mmoja wa gurudumu (hatua moja linapozungushwa) kuwa vipimo 120, na kwa kawaida mkato huo husogeza mistari 3. Maktaba ya kawaida ya Arduino, yaani programu zake zilizo tayari, hutuma mikato mizima tu, kwa hiyo ukurasa utakwenda kwa kuruka mistari mitatumitatu. Mwambie fundi atumie programu inayotuma vipande vya mkato, au, kwa njia rahisi, upunguze idadi ya mistari kuwa 1 kwenye mipangilio ya mausi.

Katikati ya duara nakuombea kitufe cha kweli, kinachobonyea na kulia tiki. Kiwe cha ukurasa unaofuata. Majalada ya skani mara nyingi unataka kuruka ukurasa mzima, na kitu cha namna hiyo hakihitaji kuhisi kidole kwa pikofaradi.

Na ujue si wewe peke yako. Wayne Westerman, aliyekuwa akisoma shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Delaware huko Marekani, aliumwa mikono kwa kupiga chapa. Yeye na mwalimu wake John Elias wakabuni bamba la kugusa linalosoma vidole vyote kwa pamoja bila kubonyeza, wakaanzisha kampuni ya FingerWorks mwaka 1998. Mwaka 2005 Apple wakainunua. Mguso wa vidole vingi unaouona leo kwenye simu una mzizi katika mikono iliyokuwa ikiuma.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi, nakaa Makorora. Nimetengeneza ukanda wa kuskroli kwa foili ya jikoni: vipande vitano nimevibandika kwenye kadibodi ya boksi la viatu, nikavifunika kwa selotepu, na kila kimoja kina rezista (kipunguza umeme) ya megaomu 1 kwenda kwenye Arduino. Kuna siku unafanya kazi vizuri sana. Mvua ikinyesha, au nikiutumia muda mrefu, ukurasa unajiendea wenyewe kama una jini. Nikichomeka chaja ya laptopu ndiyo basi kabisa, unaruka juu na chini. Wenzangu wananicheka. Niache?
*Mwanafunzi, Makorora*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Ukanda wako unahisi vizuri mno, ndilo tatizo lake: unahisi kidole, unahisi mvua, unahisi na umeme wa chaja. Kazi iliyobaki ni kuufundisha kuvitofautisha.

Anza kwa kujua unachopima. Arduino inaupeleka umeme kupitia ile rezista na kuhesabu muda unaopita mpaka kipande cha foili kijae. Kidole kikiongeza pikofaradi 2, kwa rezista ya megaomu 1 muda unaongezeka kwa takriban maikrosekunde 1 na nusu. Arduino ya kawaida hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, kwa hiyo kidole kizima ni mapigo 20 hadi 30 tu ya saa yake. Ukishaiona namba hiyo utaelewa kwa nini kitu kidogo kinakuvurugia.

Kadibodi itupe leo. Karatasi hunywa unyevu wa hewa, na maji yana uwezo wa kubeba uwanja wa umeme mara 80 hivi ya hewa, wakati plastiki kavu haizidi mara 3 au 4. Mvua ya masika ikishuka, kadibodi yako inakuwa kapasita kubwa iliyokaa chini ya foili, na namba zote zinapanda kana kwamba kuna kidole kila mahali. Tumia akriliki, au bodi ya kutengenezea saketi iliyopakwa vanishi. Sisi wa pwani tuna na la ziada, chumvi. Jasho na upepo wa bahari huacha utando juu ya selotepu, utando huo ukipata unyevu unapitisha umeme, na vipande viwili vilivyotengana vinaanza kusomana. Ufute ukanda kwa kitambaa chenye maji safi, kisha ukaushe, kabla ya kulaumu programu.

Nyaya nazo zikate fupi, zisizidi sentimita 10, na zigundishwe zisitikisike. Waya mrefu unaopita karibu na kiganja ni sensa nyingine ambayo hukuikusudia.

Sasa programu. Nahisi umeandika namba moja, tuseme 60, kwamba somo likivuka hapo basi kuna kidole. Namba hiyo ilikuwa sahihi siku uliyoipima. Siku nyingine utulivu wenyewe uko 55, na kila mtikisiko unavuka. Badala yake, kila kipande kiwe na kiwango chake cha utulivu kinachofuata hali ya hewa. Kila unaposoma na hakuna kidole, sogeza kiwango hicho kuelekea kwenye somo jipya kwa sehemu ndogo sana ya tofauti, kama moja ya 500. Ukisoma mara 100 kwa sekunde, kiwango kitafuata mabadiliko ya sekunde tano na kuendelea, yaani unyevu na joto, lakini kidole kinachotua kwa mpigo hakitakikuta kimehama. Kidole kikishatua, gandisha kiwango mpaka kiondoke. Usipogandisha, kidole kinachokaa kitazoeleka kama ni hali ya hewa, na ukikiondoa namba zitakwenda hasi.

Weka mipaka miwili, usiweke mmoja. Kidole kihesabiwe kimefika somo likizidi utulivu kwa 15, na kihesabiwe kimeondoka likishuka chini ya 8. Kati ya hapo, usibadili uamuzi uliokwisha kuutoa. Kile kitetemeko cha kugusa-kuacha-kugusa kitakwisha.

Halafu weka mlango wa dharura. Tone la maji likianguka juu ya ukanda litaonekana kidole kisichoondoka milele. Kipande kikisema kimeguswa kwa sekunde 30 bila mwendo wowote, lichukue somo hilo kuwa ndiyo utulivu mpya. Tone likikauka au likifutwa, namba zitashuka, na kiwango kitalifuata.

Chaja ni kesi nyingine. Chaja nyingi zina miguu miwili, hazina waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini. Ndani yake kuna swichi ya umeme inayofunguka na kufungwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kapasita ndogo inayoruhusu sehemu ya mtikisiko huo kupenya upande wa laptopu. Ukiwahi kupitisha mkono juu ya laptopu ya chuma ikiwa kwenye chaji ukasikia kama mchonyoto mwembamba, ndicho hicho. Laptopu yako yote, pamoja na Arduino iliyochomekwa kwake, inaelea na kutikisika, wakati wewe umekanyaga sakafu na mwili wako umetulia. Kidole kinapogusa ukanda, tofauti ya mtikisiko kati yenu inaingia moja kwa moja kwenye kipimo. Ndiyo maana unaruka ukigusa, tena ukichaji tu.

Jaribio ni rahisi. Chomoa chaja, tumia betri, gusa. Ukitulia, umempata mwizi. Dawa ya kweli ni chaja ya miguu mitatu kwenye soketi yenye ethi inayofanya kazi. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hamna waya, kwa hiyo mwite fundi umeme aipime. Wewe usichokonoe soketi, wala usijifungie waya kwenda kwenye bomba.

Upande wa programu unaweza kusaidia, si haba. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Chukua masomo mengi yaliyoenea ndani ya milisekunde 20 kamili, tupa la juu kabisa na la chini kabisa, halafu piga wastani wa yaliyobaki: mvumo wa 50 unajifuta wenyewe. Ila usinogewe. Ukipiga wastani wa masomo 40 kwa kasi ya masomo 100 kwa sekunde, ukurasa utachelewa nyuma ya kidole kwa sehemu ya tano ya sekunde. Hautaruka tena, lakini kila anayeugusa atasema mzito, asijue kwa nini. Mimi humwona mtu usoni: ananyanyua kidole, anakitazama, anarudi tena kwa nguvu zaidi. Ukiona hivyo, punguza wastani.

Ukishabadilisha ubao na programu, ujaribu kwa mkono uliotoka kuosha vyombo, kisha kwa mkono uliotoka kushika mafuta ya nazi, kisha siku ya mvua. Mpe na mdogo wako mwenye vidole vyembamba. Hao wenzako wanaocheka, wape nao wauguse, uandike kila mkono ulivyosomeka. Vipimo vya mikono kumi tofauti vitakufundisha kuliko kitabu.

SWALI: Bi Fundi, kwenye laptopu ya ofisini nikisukuma vidole juu ukurasa unashuka, kwenye ya nyumbani nikisukuma juu ukurasa unapanda. Ipi imeharibika?
*Mama wa Mikanjuni*

JIBU: Hakuna iliyoharibika, mama. Ni desturi mbili. Ile ya zamani inafuata ule mkanda wa pembeni mwa dirisha: ukiuvuta chini, maandishi yanapanda. Ile mpya inafuata simu: unaishika karatasi yenyewe, kidole kikienda juu karatasi inakwenda juu nacho. Apple walifanya hiyo ya pili kuwa ndiyo ya kawaida kwenye kompyuta zao mwaka 2011, na wengine wakafuata kwa tachipadi. Fungua mipangilio ya tachipadi, utakuta mahali pa kuchagua mwelekeo. Ushauri wangu, kwa tachipadi chagua ile ya kufuata kidole, kwani ndiyo utakayokutana nayo kila siku kwenye simu. Zifananishe zote mbili. Kubadilisha mwelekeo kila ukitoka ofisini kunachosha akili bila sababu.

SWALI: Hodi Bi Fundi. Mimi ni mzee wa bahari, nimevua miaka mingi Pangani na sasa nipo nyumbani. Wajukuu wamenipa laptopu nisome habari. Kidole changu haikioni kabisa, cha mjukuu inakiona. Wananiambia, "Babu, bonyeza kwa nguvu." Nabonyeza mpaka kucha inauma.
*Mzee, Pangani*

JIBU: Karibu mzee wangu, shikamoo. Wajukuu wamekosea, nguvu haisaidii kitu. Tachipadi haipimi uzito wa kidole, inapima ukaribu wa nyama yenye maji. Kamba na nyavu zimekuwekea ngozi ngumu na kavu kwenye ncha za vidole, na ngozi hiyo ni kizuizi kati ya mwili wako na sensa, mfano wa kifuniko cha pili. Kipimo kinachobaki ni kidogo mno, kompyuta inakiona kama kelele na kukitupa.

Fanya hivi. Usitumie ncha, laza kidole, ugusishe ule upande laini chini ya kucha, pale panapochukuliwa alama za vidole. Eneo likiongezeka, kipimo kinaongezeka. Au tumia kidole cha pete cha mkono usioshikia kamba, mara nyingi ngozi yake haikukomaa sana. Kabla ya kuanza, pitisha vidole kwenye kitambaa chenye unyevu, kisha uvifute: unyevu ukishaingia kwenye ngozi kavu inaanza kupitisha umeme. Na mwambie mjukuu aingie kwenye mipangilio ya tachipadi, kama ni Windows atakuta sehemu ya wepesi wa kuhisi, aiweke juu kabisa.

Yakishindikana yote hayo, mausi ya kawaida yenye gurudumu itakufaa kabisa. Gurudumu halijali ngozi, na wewe husomi kutwa majalada ya kurasa mia tatu kama yule dada wa Chumbageni. Uchague lenye mpira wenye mistari, mkono uliozoea kamba utalishika vizuri.